Ng'ombe Aliyetolewa Mbele ya Kamera

Tangu turudi, kila nikipita mtaani nashikwa mkono. Majirani, wenzangu wa kwaya, hata wale ninaowasalimu kwa kichwa tu, wote wanataka kujua ilikuwaje tukaenda kumchukua mtoto kwa siku mbili tukakaa juma zima, na kwa nini Papa Déo alirudi ananukia zizi. Nimesimulia mpaka koo limekauka, na kila mara kuna mtu anayechelewa kufika na kuniomba nianze upya. Basi nimeandika. Habari za vibali, mihuri na nani alimpigia nani simu nimeziruka, maana hazikumchekesha mtu hata siku ile zilipotokea.

Kwa wasionijua: mimi ni Furaha, na kazi yangu ni kunasa sauti kwenye filamu. Ndimi yule mwanamke anayesimama pembeni ameinua mti mrefu wenye kitu cha manyoya nchani. Mwaka jana tulipiga filamu kwenye kilima cha Nyamugezi, huko juu Masisi. Ni hadithi ya msichana wa kijijini anayekua akichunga ndama, na baba yake alikwenda kuchimba madini tangu yeye hajang'oa meno ya utoto. Anajifunza kila kitu bila baba: kukamua, kupigana, kunyamaza. Mwishoni baba anarudi, na mbele ya wanaume wa kilima anampa ng'ombe.

Msichana wetu ni Neema, mzaliwa wa kilima hichohicho, ambaye hakuwa ameigiza hata siku moja. Baba yake wa kweli naye aliondoka vilevile, kuelekea Walikale, na habari zake huja kwa nadra sana. Baba wa kwenye filamu ni Papa Déo, kinyozi wa mtaa wa Ndosho hapa Goma, mwenye sauti nzito ya redio na majivuno yanayolingana nayo. Hana mke wala mtoto. Ni mtu wa Butembo, kwao ni mbuzi na kahawa, na ng'ombe anawaogopa waziwazi.

Siku ya mwisho ya kazi, mwongozaji wetu alimwahidi Neema kwamba filamu itakapokamilika yeye ndiye atakayeiona kwanza, Goma, ameketi mbele. Sasa ilikuwa imekamilika, ukumbi umepatikana, Jumapili imetangazwa. Kazi niliyopewa mimi na Papa Déo ilikuwa moja tu: kumleta Neema. Bila yeye, mwongozaji alisema, taa hazizimwi. Mimi nilikuwa na sababu yangu pia. Nilikuwa nimemsikiliza mtoto yule kwa muda mrefu mpaka pumzi yake naijua, na nilitaka sana niwe karibu naye atakapojiona.

Ndosho, tulipochelewa kabla ya kuanza

Tulipanga kuondoka alfajiri. Alfajiri ilinikuta mimi na Bienvenu, dereva wetu, tumekaa kwenye gari letu la jipu mbele ya saluni ya Papa Déo, na Papa Déo yumo ndani ananyoa. Alikuwa amewatangazia wateja wake wote kwamba anasafiri kwa kazi ya sinema, na kila mmoja aliona afadhali anyolewe kwanza. Nilimwambia awaache. Akanijibu kwa ile sauti yake kwamba mtu hawezi kumwacha mwenzake na nusu ya kichwa. Benchi lilikuwa limejaa, na mwingine alikuwa anavuka barabara akikwepa pikipiki, mkono umeshika nywele.

Bienvenu ni mpole, hasemi mengi, ila ana ugonjwa wa kupiga honi akiwa na wasiwasi. Alipiga mpaka mama anayeuza mandazi jirani akaja kuuliza kuna nini, na kwa kuwa amekuja na beseni lake, tukanunua. Mandazi yalikuwa ya njiani. Nilianza na moja, kuonja tu. Papa Déo alipotoka, amevaa suti ya kijani na viatu vyeupe, mfuko ulikuwa mtupu na jua limeshapanda juu ya mabati ya Ndosho.

Nilimuuliza viatu vyeupe vya nini kwenye matope ya Masisi. Alisema kule watu wanamjua, hawezi kufika kama mbeba mizigo. Mniwie radhi nilivyomcheka njia nzima, maana watu kweli walikuwa wakimjua, tena kuliko yeye mwenyewe alivyodhani.

Lac Vert hadi Sake

Karibu na Lac Vert palikuwa na kizuizi, na vijana wa kizuizi walitaka kuona kila mfuko. Wangu ndio uliowavutia. Mmoja aliingiza mkono, akagusa manyoya ya kipaza sauti, akautoa upesi na kuwaambia wenzake kuna mnyama. Nilieleza kwamba ni kofia tu, ya kuzuia upepo usiingie kwenye sauti. Maelezo yalizidi kuharibu mambo. Mkubwa wao aliniuliza kwa utaratibu kabisa kwa nini naogopa upepo.

Mwishowe nilimvalisha vipokea sauti vya masikioni, nikaelekeza mti wangu upande wa mashamba. Alisimama kimya, kisha uso ukamlegea. Mbali kule, ambako macho hayafiki, alikuwa anamsikia mwanamke akimsuta mumewe kuhusu kuku. Akawaita wenzake wasikilize kwa zamu. Tulikaa pale mpaka ugomvi wa kuku ulipoisha, tukaruhusiwa kwenda kwa sharti kwamba wakati wa kurudi tupitie tena.

Sake tulikuta lori la viazi limelala ubavu pale mlima unapoanzia, na barabara imefungwa. Hatukuwa na la kufanya ila kula. Mama mmoja mwenye kibanda alitupa bugali, sombe ya majani ya muhogo na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, wamekaangwa wakakauka vizuri. Papa Déo, bila kuulizwa, akamweleza kwamba tunapanda kumchukua mtoto wetu.

Alikusudia mtoto wetu wa filamu. Mama alinitazama mimi, akamtazama yeye, akaweka mwiko chini.

"Mulizala, mukaacha mutoto kule juu?"

Papa Déo akasema hapana, mama, si kuzaa. Yeye ni baba yake, lakini kwenye sinema tu.

"Banaume bote banasemaka vile," mama akasema. "Niko papa yake, lakini hivi tu. Niko papa yake, lakini vile tu."

Nilipaswa kumsaidia mwenzangu. Sikumsaidia, maana mdomo ulikuwa umejaa na hotuba ilikuwa tamu. Mama alimsomea habari za watoto wanaokua wakiangalia njia, habari za viatu vyeupe na wanaume wanaovivaa, na mimi akaniongezea sambaza kwa huruma, akiniita masikini. Lori halikuondolewa siku ile. Tulilala palepale, mimi kwenye kitanda cha mama, Papa Déo na Bienvenu kwenye jipu, na asubuhi mama alimpa kila mtu chai isipokuwa Papa Déo, ambaye ilibidi aombe.

Sake hadi Mushaki, na kiatu

Njia ilipofunguliwa tulipanda. Mtu wa Goma aliyezoea mawe meusi ya volkano akifika kule juu macho yake hayashibi: majani mpaka kileleni, ng'ombe wametawanyika kwenye miteremko, ukungu unakuja na kuondoka. Bienvenu alipiga honi kila kona. Nilimwomba anipe kimya kidogo ninase sauti ya kengele za ng'ombe, na kwenye kinasa sauti changu hadi leo kuna kengele, honi, kengele, honi.

Mbele kidogo ya Mushaki jipu lilizama. Tulishuka kusukuma, isipokuwa Papa Déo, aliyejitolea kutuelekeza. Bienvenu, mtu asiyesema, alisema. Basi Papa Déo akasukuma, jipu likaruka, na yeye akabaki amesimama kwa mguu mmoja, kiatu kimoja cheupe kimemezwa na tope. Tulikitafuta kwa fimbo. Wachungaji walikuja wakatusaidia, wakabishana kimeingilia wapi, wakachimba mahali pasipo, na hakikuonekana. Mmoja wao alituonea huruma akatukatia jibini kubwa, tukaila na viazi vya moto kando ya njia, na nikasema moyoni kwamba kiatu kwa jibini ile si hasara kubwa.

Kutoka hapo gari halikuweza tena. Bienvenu alibaki kulilinda, sisi tukapanda pikipiki. Kijana aliyetuendesha aliposikia jina la Papa Déo aligeuka karibu atuangushe, akauliza kama ndiye yule Déo wa Nyamugezi. Akasema kule kuna msichana anayeapa kwa jina lake.

Hapa nieleze kidogo. Kwenye vilima vile, mtu aliyepewa ng'ombe huapa kwa aliyempa. Akitaka kuaminiwa husema, "Fulani alinipatia ngombe," na hapo hakuna atakayembishia. Nilikuwa nimekisikia kiapo hicho mara nyingi wakati wa kupiga filamu. Papa Déo alichoelewa yeye ni kwamba maneno ya filamu yamekwishavuma hata kabla haijaonyeshwa. Alijinyoosha nyuma ya pikipiki na kuanza kupungia watu mkono.

Nyamugezi

Neema tulimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa juu ya mteremko akigombana na msichana mwenzake juu ya kamba, na sauti yake ilishuka safi kabisa: "Sikukamata kamba yako. Déo alinipatia ngombe." Mwenzake akanyamaza. Halafu Neema akatuona.

Alikuwa amerefuka. Alikuja mbio akanikumbatia, akauliza habari za mti wangu wa manyoya. Kwa Papa Déo alinyoosha mkono ukiwa umenyooka kabisa na kumsalimu kwa Kifaransa, kama bwana asiyemjua: "Bonjour, musieur." Zamani, wakati wa kazi, walikuwa wakitaniana kutwa.

Nyumbani tulipokewa na Koko, ndivyo tunavyomwita bibi, mama mzaa baba wa Neema, aliyemlea peke yake. Papa Déo aliwekewa kiti cha heshima. Mimi niliyefanya safari ileile niliwekewa mkeka. Aliletewa maziwa kwenye chombo cha mti, na kule maziwa hunywewa mtu ameketi, kwa utulivu, wala hayakataliwi. Papa Déo hapendi maziwa mabichi. Aliyanywa amefumba macho, na kila alipopumzika walimwangalia mpaka akaendelea.

Nikasema shida iliyotuleta. Filamu iko tayari, Jumapili inaonyeshwa, tumekuja kumchukua Neema, tutamrudisha salama. Koko alisikiliza mpaka mwisho, akasema mtoto haendi. Nilidhani hakunielewa, nikaanza tena. Akaniinulia mkono ninyamaze na kumgeukia Papa Déo.

"Ulimupatia mutoto ngombe. Hata siku moja haukukuya kumuona. Hata salamu haukutuma. Leo unakuya, hauulize kama ngombe iko muzima, unasema tu: mutoto, twende. Mutu wa namna ile nitamupatiaje mutoto?"

Papa Déo alicheka. Ndilo kosa kubwa alilofanya safari nzima. Alicheka akasema, mama, ile ilikuwa sinema. Hakuna aliyecheka naye. Koko akasema kwamba sinema ni ya watu wa Goma, lakini ng'ombe ni ng'ombe.

Hapo ndipo niliporudi kwa kumbukumbu kwenye siku ile ya kupiga filamu. Ng'ombe aliitwa Gaju, naye alikuwa wa Muzee Sebagabo, jirani wa Koko. Muzee alituazima kwa roho safi. Ni yeye pia aliyemfundisha Papa Déo maneno ya kutoa ng'ombe, jioni baada ya jioni, kwenye moto wake. Yalipofundishwa hayakuwa kitu, maana hapakuwa na ng'ombe wala watu. Lakini mwongozaji wetu alitaka mambo yaonekane ya kweli. Akawaalika wanaume wote wa kilima waketi. Gaju akaletwa katikati. Papa Déo akayasema maneno bila kukosea hata moja, Neema akapiga makofi ya kushukuru kama inavyotakiwa, wanaume wakaitikia. Sisi tukapeana mikono, tukafungasha vyombo, tukaenda zetu.

Muzee Sebagabo alirudi nyumbani mikono mitupu. Ng'ombe aliyetolewa kwa maneno yale, mbele ya watu wale, harudi kwenye zizi alikotoka, na anayemrudisha amewafanya watu wote walioketi kuwa waongo. Hakutuambia kwa sababu hakufikiria kwamba hatujui. Alikuwa amemwona Papa Déo akijifunza kwa bidii namna ile, akaamini kwamba mtu anayejitaabisha hivyo anajua anachofanya, na kwamba kesho au keshokutwa atakuja kukaa naye waongee. Akangoja. Mwaka ukapita. Gaju akazaa.

Kwa hiyo mwaka mzima, Papa Déo aliyechaguliwa kuigiza baba aliyetoweka alikuwa baba aliyetoweka kweli, kilima kizima kikijua isipokuwa yeye. Nilitaka kucheka na sikuweza, kwa sababu Neema alikuwa amesimama mlangoni, na sasa aliongea.

"Mimi najua hauko papa yangu. Siko mujinga. Lakini batu banauliza: ule mwenye alikupatia ngombe, atakuya lini? Najibu: atakuya, iko na kazi mingi Goma. Kila siku najibu vile. Nilichoka."

Aliondoka kwenda kufungia ndama. Papa Déo alibaki na chombo cha maziwa mikononi, akayanywa yaliyobaki bila kufumba macho.

Kungojea kasiksi

Koko hakuwa mtu wa kununa. Alitueleza kinachotakiwa: mwenye kutoa aje amwone ng'ombe wake, mbele ya wanaume walewale, halafu akae na Muzee Sebagabo. Baada ya hapo mambo ya Goma yataongelewa. Nikamuuliza kama yanaweza kufanyika leo. Akaniangalia kwa huruma. Watu wa namna ile hawaiti mkutano mkavu, na kasiksi, ile pombe ya ndizi, ilikuwa ndiyo kwanza imekamuliwa. Ingeiva itakapoiva.

Nilipanda mahali penye mtandao, nikampigia mwongozaji. Alilia, akafoka, akaniuliza kama kasiksi haiwezi kuharakishwa. Nikamwambia ajaribu yeye kuiharakisha. Jumapili ilikuwa inakuja na mimi nimekaa kilimani nikimenya ndizi, na nisiwafiche, moyo ulikuwa juu. Si kwa ajili ya ukumbi. Nilikuwa namwona Neema akizunguka, hataki kuuliza kama atakwenda, na kila akipita karibu nasi anapunguza mwendo ili asikie tunaongea nini.

Siku zile ndizo alizomfundisha Papa Déo ng'ombe. Alimwazimia buti za mpira za Koko, zilizombana, akampeleka mteremkoni kila asubuhi. Alimwonyesha asimame wapi asitishe, amkune Gaju wapi chini ya shingo, amwite kwa sauti gani. Mara ya kwanza Papa Déo alikimbia mpaka kwenye migomba. Mara ya pili alikimbia karibu zaidi. Neema alikuwa mkali, hasifu, na alimwita musieur kutoka asubuhi mpaka jioni. "Musieur, usimuangalie hivyo, anaona unaogopa." "Musieur, mukono." Mchana Papa Déo aliwanyoa wanaume wa kilima kwa mkasi, na nadhani hakuna kilima Masisi kilichokuwa kimependeza vichwa kama Nyamugezi juma lile.

Kasiksi ilipoiva, wanaume waliketi. Gaju aliletwa katikati, amepakwa siagi ubavuni anang'aa, na ndama wake jike akirukaruka pembeni. Papa Déo alisimama. Yale maneno mazuri aliyoyasema mbele ya kamera yalikuwa yamemtoka yote kichwani. Nilimwona anayatafuta, midomo inacheza. Muzee Sebagabo alikuwa tayari kumkumbusha, lakini Papa Déo alimwendea Gaju, akaweka mkono chini ya shingo, akaongea Kiswahili cha Ndosho.

"Gaju, unisamehe. Nilikutoa mbele ya batu, halafu nikakimbia. Sikujua kama nilikutoa kweli. Sasa najua. Na huyu mutoto, aliwajibu batu pahali yangu mwaka muzima. Sasa nitajibu miye."

Halafu Muzee Sebagabo akapiga makofi, taratibu, na wengine wakafuata. Mimi nililia na wala sioni haya, hata Koko alikuwa anajipangusa kwa pembe ya kitenge akisema ni moshi, na hapakuwa na moto.

Ikabaki ndama. Papa Déo aliombwa ampe jina, naye akamwita Ndosho, kama mtaa wake, kwa kuwa anasukuma kila mtu wala haombi radhi. Wanaume walicheka mpaka mzee mmoja akamwaga pombe. Kisha ukazuka mjadala, maana ndama jike wa kwanza hurudishwa kwa aliyetoa, na hapo mtoaji ni nani, mwenye kinywa au mwenye zizi? Walibishana kwa furaha mpaka mtungi ukainama. Papa Déo ndiye aliyeumaliza. Alisema Ndosho akiachishwa maziwa aende kwa Muzee, na Neema ndiye atakayempeleka. Muzee alijibu kwamba ndama anampokea kwa mikono miwili, lakini alichokingoja mwaka mzima ni mtu wa kuja kukaa kwenye moto wake tu, na kwamba kuanzia sasa Papa Déo asilale nyumba nyingine akija Nyamugezi.

Koko akasimama, akamwita Neema, akamfunga kitenge kipya kiunoni. "Sasa mutoto anaweza kwenda," akasema. "Anakwenda na mwenye alimupatia ngombe."

Kushuka

Kushuka tulishuka kwa haraka ya watu waliochelewa. Bienvenu tulimkuta amenenepa kwa jibini. Mama wa Sake alituona tukiingia na mtoto, akaachia kila kitu, akamkumbatia Neema, akampakulia sambaza mpaka sahani ikazama, akamwambia Papa Déo kwamba sasa amefanya kama mwanaume. Nilingoja Papa Déo aseme yeye ni baba wa sinema tu. Alisema asante, mama, akapokea sahani yake.

Ziwa lilipojitokeza Neema aliomba gari lisimame. Aliliangalia sana, kisha akauliza mbona kuna maji mengi vile na hakuna ng'ombe anayekunywa. Kizuizini vijana walidai haki yao ya kusikiliza, lakini mwanamke wa kuku siku ile alikuwa amepatana na mumewe, wakatuachia mapema.

Goma

Tuliingia ukumbini watu wamekwisha kukaa na wamekwisha kuchoka kukaa. Jumapili ilikuwa inaelekea jioni. Mwongozaji alimwona Neema mlangoni, miguu ina tope la Masisi, akamshika mabega akampeleka mpaka kiti cha mbele. Tukaketi mbele, Neema katikati, mimi upande huu na Papa Déo upande ule, bado na buti za Koko. Taa zikazimwa.

Neema hakutazama filamu kama nyinyi mnavyotazama. Kila ng'ombe aliyepita alimtaja jina kwa sauti. Aliyekuwa na mimba wakati ule, alitangaza amezaa nini. Ukumbi ulianza kumnyamazisha, kisha ukaanza kumngojea. Alipojiona analia peke yake karibu na zizi, akanyamaza, na ukumbi mzima ukanyamaza naye. Niliisikia pumzi yake ileile ikitoka pande mbili, kwenye pazia la sinema na kwenye kiti cha jirani yangu.

Halafu ikaja mwisho. Baba amerudi, wanaume wameketi, Gaju yuko katikati, maneno yanasemwa. Neema wa kwenye filamu akainua mikono kushukuru, na Neema wetu akasimama palepale mbele ya watu wote, akapiga makofi naye, polepole, vilevile. Kisha nyuma kabisa mwanamume mmoja akaitikia, na mwingine upande wa dirisha, na mama mmoja, watu wa vilima wanaoishi Goma tusiojua hata wanakaa wapi, wakasimama mmoja mmoja wakaitikia makofi kama ilivyotakiwa.

Papa Déo alininong'onezea kwa hofu ya kweli, akiinama nyuma ya mgongo wa mtoto: "Furaha, sasa nimemupatia tena? Mbele ya batu bote hawa?"

Neema ndiye aliyemjibu, akikaa chini.

"Hapana, papa. Ni ileile moja."

Mnajua hapa kwetu kila mwanamume mzima huitwa papa: kinyozi, dereva, mwenye duka. Nimelisikia neno hilo maisha yangu yote, na kusikia ndiyo kazi yangu. Vile alivyolisema pale sikuwahi kulisikia, na kinasa sauti kilikuwa kimezimwa kwenye mfuko, wala sijutii. Papa Déo aliinamisha kichwa akalia mabega yakitikisika, alilia majina yote ya waliotengeneza filamu yakipita, alilia hata taa zilipowashwa na watu walipoanza kusukumana kutoka. Bwana mmoja wa nyuma yetu alimgusa mkewe na kumwambia kwamba yule mwigizaji anaijua kazi, filamu imeisha na yeye bado anaendelea.